Maswali ya Wasomaji: Vijineno Vinavyogeuza Vitenzi vya Kiingereza

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinalalamikia jambo moja, nalo ni vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili au matatu ambavyo wenyewe huviita “phrasal verbs”: “put off”, “look after”, “run out of” na vinginevyo vya aina hiyo. Wasomaji wanalijua neno “put” na wanalijua neno “off”, lakini maneno hayo yakishakutana wanajikuta ugenini. Nimechagua barua saba zinazouliza mambo tofauti, na kila moja nimeijibu kwa kadiri ya uzito wake.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja huku Shanzu. Juzi mgeni alinipigia simu kutoka chumbani kwake akaniambia, “We'd like to put off the trip to Wasini.” Nilisikia “off”, na kwa kuwa nimezoea “switch off”, nikafahamu kwamba safari imezimwa, yaani haipo tena. Nikampigia nahodha kule Shimoni, naye akawapa watu wengine nafasi zile. Kesho yake mgeni akaja mapokezi kuuliza boti itaondoka saa ngapi siku ya Alhamisi. Meneja hakunigombeza mbele ya watu, lakini niliona haya sana. Nilikosea wapi?
– Mhudumu wa mapokezi, Shanzu

Marahaba, mwanangu. Ulikosea pale ulipolishika neno “off” peke yake ukaliacha “put” likupite. Kwa Kiingereza, “put off” ni kuahirisha: shughuli ipo, ila imesogezwa hadi siku nyingine. Kuifuta shughuli kabisa ni “call off”, na kitenzi hicho hicho hutumiwa kwa mtu anayemwita mbwa wake aache kumkimbiza mpita njia. Mgeni wako alikuwa bado anaitaka Wasini, lakini si siku ile. Kama angekuwa haitaki tena, angesema “We'd like to call off the trip”, au angetumia neno moja, “cancel”.

Nakusihi usijilaumu kupita kiasi, kwa sababu kijineno “off” hakina maana moja ambayo ungeweza kuikariri ikakufaa kila mahali. Ndege ikipaa husemwa “the plane took off”, na mtu akivua viatu mlangoni mwa msikiti husemwa “he took off his shoes”. King'ora kikianza kulia ghafla, Mwingereza husema “the alarm went off”, na hapo wengi hushangaa, maana taa zikizimika pia husema “the lights went off”. Kitenzi ni kile kile na kijineno ni kile kile, lakini kwa king'ora kitu kimeanza na kwa taa kitu kimekoma.

Hata hivyo jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili, ambaye amefundishwa kwamba kupiga ni kumtia mtu kofi au konde. Atafanyaje atakaposikia kwamba mama anapiga pasi, vijana wanapiga mbizi karibu na Mama Ngina, jirani anapiga hodi na wananchi wamekwenda kupiga kura? Hatafika popote kwa kuchambua neno “piga” peke yake. Itambidi aichukue “piga pasi” nzima kama neno moja lenye maana moja, na ndivyo unavyotakiwa kuichukua “put off”.

Kisha itazame mikia ya vitenzi vyetu: funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Kati ya “funga mlango” na “fungua mlango” pana irabu moja tu, na maana zake zinapingana, lakini hakuna Mswahili anayezichanganya, kwa sababu tangu utotoni sikio lake limezoea kuusubiri mkia wa kitenzi kabla ya kuamua maana. Mwingereza naye ana mkia wake, ila hakuushonea kwenye kitenzi. Ameuweka kando kama neno linalojitegemea, na pengine huutenga na kitenzi kwa maneno mawili matatu. Kazi iliyo mbele yako ni kulifunza sikio lako liusubiri mkia huo, lisikimbilie kutafsiri kitenzi kabla sentensi haijaisha, wala lisiushike mkia likasahau kitenzi chenyewe, kama lilivyofanya siku ile.

Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyepitia. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kupokea simu katika ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Siku yangu ya tatu kazini mteja wa ng'ambo aliniambia “Hang on”, nami, niliyekuwa nimejifunza kwamba “hang up” ni kukata simu, nikaurudisha mkono wa simu mahali pake. Kumbe alikuwa ameniomba nisubiri atafute namba ya kontena. Hatukumpata tena hadi alasiri, na karani aliyekuwa akiingojea namba ile alikaa kutwa nzima na makaratasi yasiyokamilika. Tangu hapo nimeviweka pamoja akilini: “hang on” na “hold on” ni subiri, “hang up” ni kukata simu.

Kwa kazi yako ya mapokezi, iko njia ya adabu ya kujikinga. Mgeni akikuambia jambo lenye kitenzi usichokiamini, mrudishie maana kwa maneno mengine kabla ya kuinua simu: “So you'd like to go on another day?” Akikubali, umesalimika, akikataa, amekufundisha. Na mgeni akileta malalamiko, jifunze kumjibu “I'll look into it”, yaani nitalichunguza jambo hilo. Usilichanganye na “look for”, ambalo ni kutafuta kitu kilichopotea, wala na “look after”, ambalo ni kutunza.

Mwalimu, habari za kazi. Naendesha tuktuk kati ya Nyali na Bamburi. Abiria mmoja Mwingereza alinipigia simu, nami nikamwambia, “I will pick you at six and drop you at the beach.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Pick me up? Yes, please.” Sisi hapa sote twasema “pick me at the stage”, na hakuna anayeshangaa. Je, tunakosea?
– Dereva wa tuktuk, Nyali

Kaka yangu, mkisema hivyo baina yenu hamkosei, kwa sababu mnaelewana, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kimeizoea “pick” bila “up” kwa miaka mingi. Mimi si katika wale wanaosahihisha kila neno la Mkenya kana kwamba lugha ina mwenyewe mmoja. Lakini kazi yako inakukutanisha na watu wasiokulia hapa, nao masikioni mwao “pick” bila mkia ni kuchuma tunda mtini au kuchagua. “I will pick you” kwao ni karibu na kusema nitakuchagua wewe, na abiria wako alinyamaza kidogo ili akutafutie ile “up” iliyokosekana. Vivyo hivyo kwa simu: kwetu husemwa “he is not picking my calls”, na Mwingereza husema “he isn't picking up” au “he isn't answering”. Ile “drop you at the beach” haikumsumbua, kwa sababu hata wao husema hivyo, ingawa “drop you off” ni wazi zaidi.

Kwa kuwa umekigusa kitenzi hiki, nakushauri ukifuatilie hadi mwisho, maana kina faida kubwa. Kuokota kitu kilichoanguka ni “pick up”. Kumbeba mtoto anayelia ni “pick up”. Abiria akikuomba msimame dukani ili anunue mkate, atasema “Can we stop and pick up some bread?” Mtu aliyejifunza lugha kwa kusikiliza tu bila kukaa darasani husema “I picked up Swahili in Mombasa.” Na kusi ikianza kuvuma kwa nguvu zaidi jioni, mgeni aliye ufuoni atakuambia “the wind is picking up.” Katika zote hizo pana wazo la kuinuka au kuinua, na ukilishika hilo hutahitaji kukariri kila moja peke yake.

Viko vingine ambavyo dereva hawezi kuishi bila kuvijua. Chombo kikikuharibikia njiani, “it has broken down.” Abiria akiogopa mwendo atakuambia “slow down”. Akitaka usimame kando ya barabara atasema “pull over”, na ukidhani anataka uvuke upande wa pili utamtia hofu. Kuhusu kupanda na kushuka, tofauti ni hii: chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama feri ya Likoni, basi au treni, husemwa “get on” na “get off”, gari dogo ambalo mtu hujipenyeza akakaa papo hapo, kama teksi au hiyo tuktuk yako, husemwa “get in” na “get out”.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Niliandika “turn off it” mwalimu wa darasa akanikata, akaandika “turn it off”. Nikajifunza kwamba neno la mwisho huenda mwisho. Wiki iliyofuata nikaandika “look her after”, akanikata tena, akaandika “look after her”. Sasa sijui nifuate kanuni gani.
– Mwanafunzi, Changamwe

Marahaba. Hiki ndicho kifungo kigumu kuliko vyote katika somo hili, nami nitakifungua taratibu, kwa sababu mtihani wa KCSE nao hupenda kuvipima vitenzi hivi katika sehemu ya sarufi.

Anza na Kiswahili. Ukitaka kusema kwamba utaizima redio, unasema “nitaizima”. Ile “i” inayosimama badala ya redio haikukaa mwisho. Imeingia katikati, kati ya alama ya wakati na mzizi wa kitenzi. Lakini ukiitaja redio yenyewe, neno “redio” linakaa nje: “nitazima redio”. Kiwakilishi kidogo huingia ndani, na nomino kamili hubaki nje. Kiingereza hufanya jambo linalofanana na hilo kwa vitenzi vya kundi la kwanza. Nomino kamili inaweza kukaa mwisho, “turn off the radio”, au kuingia katikati, “turn the radio off”, na zote mbili ni sahihi. Kiwakilishi, yaani “it”, “him”, “her”, “them” na wenzake, hakina hiari: lazima kiingie katikati. Ndiyo maana ni “turn it off”, “pick him up”, “put them back”. Nomino ikiwa ndefu, kwa mfano redio ambayo mjomba aliileta kutoka Dubai, Mwingereza huiacha mwisho, kwa kuwa sentensi ingelemewa mno katikati.

Kundi la pili halikubali kutenganishwa hata kidogo. Humo mna “look after”, “look for”, “look at”, “run into” ambayo ni kukutana na mtu bila kutarajia, na vitenzi vya maneno matatu kama “put up with”, ambayo ni kuvumilia, na “run out of”, ambayo ni kuishiwa na kitu. Hapa kijineno kinamshika mtendwa, yaani mtu au kitu kinachotendewa jambo, mkono na hakimwachii: “look after her”, “I ran into him”, “we have run out of it”.

Utayajuaje makundi haya bila kukariri? Kitazame kijineno. Vijineno “after”, “for”, “at”, “into” na “with” ni vya kundi la pili siku zote. Vijineno “away” na “back” vikiwa na mtendwa huwa vya kundi la kwanza. Vijineno “up”, “out”, “off” na “down” navyo kwa kawaida ni vya kundi la kwanza, lakini si kila mara, maana utasema “get off the bus” na hutasema “get the bus off”. Pale mtu anaposhuka kutoka juu ya kitu, “off” inaonyesha mahali, kwa hiyo inatangulia jina la mahali hapo. Sikio pia husaidia. Sema kwa sauti “pick it up”, usikie jinsi “up” inavyobeba uzito mwishoni. Kisha sema “look at it”, usikie jinsi “at” inavyopita haraka kana kwamba haikutamkwa. Na ukiwa na kamusi nzuri ya wanafunzi, angalia mahali ilipoweka alama ya mtendwa (“sb” au “sth”): ikiwa katikati, kitenzi hicho hutenganishwa.

Mwalimu wangu, salaam aleikum. Nimestaafu kazi ya bandarini na ninaishi Mji wa Kale. Wajukuu zangu wako Uingereza, nao kila Jumapili tunazungumza kwa video. Kiswahili chao ni kidogo, na Kiingereza changu ni cha makaratasi: najua “consignment” na najua “endorse”, lakini mtoto wa miaka sita akizungumza namshika maneno machache tu. Nimenakili vitenzi hivi mia tatu katika daftari, na nikifunga daftari vinaruka. Kwa nini Waingereza hawatumii neno moja kama watu wengine, na mzee kama mimi atajifunzaje?
– Mzee wa Mji wa Kale

Wa alaykum salaam, Mzee wangu, na shikamoo. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa sababu nyumba nyingi za mji huu zina babu au bibi anayekaa mbele ya simu namna hiyo, akimwona mjukuu lakini asimfikie.

Waingereza wana neno moja pia, na hilo ndilo unalolijua wewe. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaitawala Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa, huku Kilatini kikitumika kanisani na kwa wasomi. Maneno yao yalimiminika katika Kiingereza, lakini jikoni na shambani watu waliendelea na vitenzi vyao vifupi vya zamani, wakiviongezea vijineno. Kwa hiyo lugha ikabaki na jozi: “extinguish” ya wasomi na “put out” ya nyumbani, zote zikiwa kuzima moto, “tolerate” na “put up with”, “continue” na “go on”. Sisi nasi tunayo mengi ya namna hiyo, kama “subiri” yenye asili ya Kiarabu kando ya “ngoja” ya Kibantu, ingawa kwetu pengo la heshima kati ya maneno hayo si kubwa kama lao. Makaratasi ya bandarini yalikufundisha ghorofa ya juu ya Kiingereza, na wajukuu zako wanaishi ghorofa ya chini.

Tena hukuanza wewe kulalamika. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatia wageni taabu kubwa kuliko vyote, akataja mifano kama “set out” na “take off”. Jina “phrasal verb” lenyewe lilikuja baadaye sana. Lilienea kupitia kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye alisema alipewa jina hilo na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford.

Sasa kuhusu daftari lako. Vitenzi mia tatu vilivyopangwa kwa alfabeti ni sawa na samaki mia tatu waliomwagwa sakafuni Kongowea bila kuchaguliwa. Hata mvuvi hodari hawezi kukuambia yupi ni changu na yupi ni tafi mpaka awatenge. Lifunge daftari hilo, ufungue jingine lenye kurasa chache, na kila ukurasa uupe tukio moja la nyumbani unalolijua vizuri.

Chukua asubuhi. Macho yanapofunguka, “I wake up”. Mwili unapotoka kitandani, “I get up”, na kati ya hayo mawili panaweza kupita nusu saa. Unavaa, “I put on my kanzu.” Kwa Kiswahili tuna “vaa” na “vua”, na mkia wa “-ua” ndio unaofungua kilichofungwa, kama katika “kunja” na “kunjua”, “ziba” na “zibua”. Kiingereza huibeba tofauti hiyo kwa “on” na “off”: “put on”, “take off”. Nenda jikoni. Mahamri ya jana yanapashwa moto, “we warm up the mahamri.” Maziwa yamesahauliwa jikoni yakapanda mpaka yakamwagika, “the milk has boiled over.” Mfereji umekauka na mwenye mkokoteni wa maji hajapita, “we have run out of water.” Hiyo ya mwisho isome kwa sauti ukiwa umeshika ndoo tupu mkononi, na nakuhakikishia haitakutoka, kwa sababu mkono nao umeikumbuka.

Ukishazoea matukio, utaanza kuona kwamba vijineno vina tabia. “Up” mara nyingi humaanisha kufanya jambo mpaka liishe: “eat up” ni kula ukamaliza, “use up” ni kutumia kikaisha, “tear up” ni kuchana vipande vipande. Kiswahili kina mkia unaofanana na huo, ule wa “-ilia”: kufuata ni kwenda nyuma ya mtu, kufuatilia ni kulishikilia jambo mpaka ulijue, na kwa Kiingereza ni “follow” na “follow up”. Mahakama haitupi kesi, huitupilia mbali, na magazeti ya Kiingereza husema “the court threw out the case”. Mlinganisho huu haufanyi kazi kila mahali, na usiulazimishe, lakini pale unapofanya kazi unapunguza nusu ya mzigo.

Kwa Jumapili ijayo chagua vitatu tu. Muulize mjukuu “What are you up to?”, yaani unafanya nini sasa. Akikusimulia jambo akasita, mwambie “Go on”, yaani endelea. Na ukiwa hukumsikia, badala ya kunyamaza, mwambie “Slow down, say it again.” Watoto hupenda kumrudia babu maneno, na wiki baada ya wiki utakuwa unaokota lugha kutoka kinywani mwao, ambayo ndiyo ile “pick up” niliyomweleza dereva wa Nyali hapo juu.

Mwalimu, naandika barua za ofisi karibu na Mwembe Tayari. Mkuu wangu anasema vitenzi hivi ni vya mtaani na havifai katika barua rasmi. Je, ni kweli?
– Karani, Mwembe Tayari

Ni kweli nusu. Katika barua rasmi “postpone” hukaa vizuri kuliko “put off”, na “investigate” kuliko “look into”. Lakini viko vingi vinavyokubalika kabisa hata katika ripoti za kitaalamu, kama “carry out” kwa utafiti au ukaguzi, “set up” kwa kamati, na “point out” kwa kubainisha jambo. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile, nalo ni kuipeleka lugha ya barua kwenye mazungumzo: mtu anayemwambia mgeni mezani “I extinguished the stove” ameeleweka, lakini anasikika kama ripoti ya zimamoto.

Angalia mambo mawili unapoandika. La kwanza ni “We look forward to hearing from you”, ambayo wengi huiandika “to hear”. Hiyo “to” ni sehemu ya kitenzi chenyewe, hivyo kinachofuata huchukua “-ing”. La pili ni maandishi. Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili, na jina linalotokana nacho huunganishwa: unafanya “log in” kwa kutumia “login” yako, na gari lililofanya “break down” limepata “breakdown”. Katika matamshi, kitenzi huweka mkazo kwenye kijineno, na jina huuweka mwanzoni.

Mwalimu, ni “cope with” au “cope up with”? Redioni nasikia zote mbili.
– Msikilizaji, Likoni

Ni “cope with”, yaani kulimudu jambo. Hiyo “up” imeingia kwa kuambukizwa na jirani zake “keep up with”, “catch up with” na “put up with”, ambazo zote huihitaji. Kosa hili limeenea sana, hata kwa watu waliosoma, kwa hiyo usimwonee mtu kwa ajili yake, ila wewe mwenyewe liepuke.

Shikamoo. Fomu ya hospitali hujazwa “fill in”, “fill out” au “fill up”?
– Mama wa watoto watatu, Majengo

Marahaba. Waingereza husema “fill in a form” na Wamarekani husema “fill out a form”, na hapa kwetu zote mbili zitaeleweka. “Fill up” iachie ndoo, mtungi na tangi la petroli.